Blanketi moja, vitanzi 40,320: hesabu ya uzi, saa na raha ya kroshia

Blanketi la kroshia lenye upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 150, likifumwa kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5, lina vitanzi 40,320. Hesabu yake si ngumu. Katika kila sentimita 10 za upana huingia vitanzi vifupi 14, na katika kila sentimita 10 za urefu hupanda mistari 16. Upana unatoa vitanzi 168 na urefu unatoa mistari 240. Zidisha, utaipata namba hiyo.

Mfumaji mzoefu anayekwenda vitanzi 20 kwa dakika atatumia dakika 2,016, yaani saa 33 na dakika 36. Akifuma saa moja kila jioni, kazi itamchukua kama wiki tano. Anayejifunza, ambaye bado anakwenda vitanzi 8 kwa dakika, atahitaji saa 84. Blanketi la kiwandani la ukubwa huohuo unalichukua dukani, unalipa na kutoka nalo kabla mfumaji hajamaliza mstari mmoja.

Ukiisoma hesabu hii kwa jicho la biashara peke yake, kroshia ilipaswa kufa zamani. Haikufa. Vitambaa bado vimetandazwa kwenye makochi ya Nairobi, Arusha na Mwanza, na vijana waliozaliwa na simu mkononi wanajifunza kufuma kofia na blauzi. Nimezipitia namba za ufundi huu moja baada ya nyingine, za uzi, za saa na za fedha, na zote zinaelekea upande mmoja: saa ndiyo malighafi kuu ya kroshia, na wa kwanza kufaidi saa hizo ni mfumaji mwenyewe.

Sekunde tatu za kitanzi kimoja

Tuanze na kipande kidogo kuliko vyote. Juu ya sindano ya kroshia, ile yenye ndoano kichwani, pana kitanzi kimoja. Unaingiza kichwa cha sindano kwenye tundu la mstari wa chini. Unauzungushia uzi na kuuvuta, sasa una vitanzi viwili. Unauzungushia tena. Unaupitisha ndani ya vyote viwili kwa pamoja, na sindano inabaki na kimoja kama ulivyoanza. Hatua nne, sekunde tatu, na uzi wa takriban sentimita 5 umekwisha kutumika.

Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya ufundi huu. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba mstari mzima ukiwa wazi: blanketi letu lingekuwa na vitanzi 168 vinavyongoja juu ya sindano, na sindano ikichomoka, vyote viko hatarini. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi wakati wowote. Unaweza kuiacha katikati ya mstari, ukaitia mkobani, ukashuka kwenye daladala, na ukaendelea kesho ulipoishia. Ni kazi inayovumilia kukatizwa: mtoto akilia, chungu kikichemka, jina likiitwa kwenye foleni ya kliniki, hakuna kinachoharibika.

Kosa nalo lina bei ndogo. Ukigundua kwamba mstari mzima umekwenda kombo, unavuta uzi na vitanzi 168 vinafumuka kwa sekunde chache. Mita 8.4 za uzi zinarudi mkononi mwako zikiwa nzima, na ulichopoteza ni dakika 8. Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, kitambaa kimekwenda. Seremala vilevile, na mbao yake. Mfumaji anafumua na kuanza upya, na ndiyo maana ufundi huu unamruhusu mtu ajifunze bila hofu.

Uzi: kilo moja na kilomita mbili

Vitanzi 40,320 kwa sentimita 5 kila kimoja ni mita 2,016 za uzi. Uzi wa unene wa kati hutoa takriban mita 200 kwa kila donge la gramu 100, kwa hiyo blanketi linakula madonge 10, karibu kilo moja. Anayejua kazi hununua 11. Donge la ziada linatosha kufuma pindo, na pia linamkinga na tatizo linalojulikana na kila mfumaji: uzi wa rangi ileile uliotiwa rangi kwa awamu nyingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikishaingia katikati ya blanketi haifichiki. Namba ya awamu huandikwa kwenye karatasi ya donge. Isome kabla ya kulipa.

Tuchukue, kwa mfano, kwamba donge moja la akriliki ni Sh200 za Kenya. Msomaji aweke bei ya duka lake, kwa sababu njia ya kukokotoa haibadiliki. Madonge 11 ni Sh2,200. Sindano ni ya kununuliwa mara moja na hudumu miaka, kwa hiyo mgawo wake kwenye blanketi moja ni mdogo mno.

Kroshia hula uzi kuliko kufuma kwa sindano mbili, kwa kawaida kati ya robo na theluthi zaidi kwa eneo lilelile, kwa sababu kila kitanzi hujizungusha na kufunga juu ya mwenzake. Hasara hiyo ina malipo yake: kitambaa kinakuwa kinene, hakivutiki ovyo, na kikitobolewa mahali pamoja hakikimbii kufumuka chote.

Saa: nusu ya bei isiyoonekana

Sasa tuzitie saa thamani. Nchini Kenya, kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida mjini Nairobi kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Ukihesabu wiki ya kazi ya saa 52, mwezi una saa kama 225, na saa moja inakuwa na thamani ya karibu Sh72. Saa 33.6 za blanketi ni Sh2,419.

Jumlisha uzi na kazi: Sh4,619. Hiyo ni bei ya chini kabisa ya haki, kwa kazi iliyothaminiwa kama ya mtu asiye na ujuzi wowote, bila faida, bila nauli ya kufuata uzi mjini, bila kodi ya kibanda. Zaidi ya nusu yake ni saa.

Mteja akija na Sh3,000 na kusema ndizo alizo nazo, mfumaji akitoa Sh2,200 za uzi anabaki na Sh800. Gawanya kwa saa 33.6: karibu Sh24 kwa saa, theluthi moja ya kima cha chini. Wafumaji wengi wanaouza kwa majirani wanaishi ndani ya hesabu hii bila kuwahi kuiandika. Wanahesabu uzi kwa sababu uliwatoa fedha mfukoni. Saa hawazihesabu kwa sababu zilitoka jioni, baada ya vyombo kuoshwa, na jioni haina risiti.

Kazi ambayo mashine haijaiweza

Kinachozifanya saa hizo zisikwepeke ni jambo wasilolijua wanunuzi wengi. Mashine ya kufuma kwa mtindo wa sindano mbili ina zaidi ya miaka 430: mwaka 1589 William Lee wa Uingereza alibuni fremu ya kufumia soksi, na kutoka hapo viwanda vikapata sweta, fulana na soksi za bei nafuu. Kroshia haijapata mashine kama hiyo ya kiwandani. Kule, vitanzi vinakaa kwa safu iliyonyooka na sindano nyingi zinaweza kuvifuma kwa pamoja. Huku, ndoano moja lazima itafute tundu lake ndani ya kitambaa chenyewe, mara kwa mbele, mara kwa nyuma, mara mistari mitatu chini, na kila kitanzi kinamngoja mwenzake kimalizike.

Watafiti mjini Bielefeld, Ujerumani, wameunda mashine ya majaribio inayofuma vipande bapa vya kroshia, na zipo mashine za kiwandani zinazotengeneza kitambaa kinachofanana nayo kwa mbali. Lakini kroshia halisi unayoiona dukani, kofia, mkoba au blauzi, imepita katika vidole vya mtu.

Matokeo yake ni mazito. Tuchukue blauzi ndogo iliyofumwa kwa saa 8 na kuuzwa Sh1,000. Ondoa uzi, usafiri, ushuru, kodi ya duka na faida ya kila mkono iliyopitia. Hata ukimwachia mfumaji Sh300, fungu kubwa kwa biashara ya namna hiyo, amelipwa Sh37.50 kwa saa. Bei ndogo ya nguo ya kitambaa cha kiwandani inaweza kuelezwa kwa kasi ya mashine. Ya kroshia haina maelezo hayo. Ikiwa rahisi mno, kuna mtu amepunjwa, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kuisifia bei.

Njia ya kulirekebisha ipo. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa Krochet Kids, ulioanzishwa na vijana watatu wa Marekani kufanya kazi na wanawake walioathiriwa na vita, ulitia kila kofia lebo iliyosainiwa na mwanamke aliyeifuma. Jina likishakuwa ndani ya kofia, saa zake haziwezi kusahaulika kirahisi.

Uzi mwembamba, saa nyingi

Watu hudhani kitu chepesi kilichukua kazi chache. Kwenye kroshia ni kinyume kabisa. Tufume blanketi lilelile kwa uzi wa nusu ya unene. Kitanzi kinakuwa na nusu ya upana na nusu ya kimo, kwa hiyo panapokaa kimoja sasa vinakaa vinne: vitanzi 161,280. Muda unapanda hadi saa 134. Urefu wa uzi unaongezeka mara mbili, mita 4,032, lakini kwa kuwa kila mita ina robo ya uzito wa awali, uzito wote unashuka hadi gramu 504. Uzito nusu, saa mara nne.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala vitambaa vya makochi. Chukua seti ya watu saba: kochi la watatu, la wawili, na mawili ya mmojammoja. Migongo ni saba. Mikono ni minane. Vitambaa 15 kabla hujafika mezani wala kwenye stuli. Tuseme kila kitambaa cha mgongo ni duara la mizunguko 40 ya vitanzi virefu vya uzi mwembamba wa pamba, na cha mkono ni mizunguko 20. Duara la vitanzi virefu huanza na 12 na kuongeza 12 kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 20 ni vitanzi 2,520, na mizunguko 40 ni 9,840. Upana umeongezeka mara mbili tu, kazi imekaribia mara nne.

Seti nzima: migongo 68,880, mikono 20,160, jumla vitanzi 89,040. Kitanzi kirefu kinataka muda zaidi, kwa hiyo tuhesabu 15 kwa dakika. Ni saa 99. Kwa kipimo chetu cha Sh72, kazi peke yake ni zaidi ya Sh7,100, na mteja atakayeviinua vitambaa hivyo kwa mkono mmoja ataviona vyepesi. Mama aliyevifuma kabla ya harusi ya bintiye amempa saa 99 za maisha yake, zilizopangwa kwa mizunguko. Kila vinapofuliwa, kutiwa wanga na kunyooshwa vipya, saa hizo zinaonekana tena sebuleni.

Kwa nini sita

Kuna raha nyingine ndani ya duara, na hiyo ni ya akili. Mfumaji wa vitanzi vifupi hufundishwa kuanza na 6, kisha 12, 18, 24, akiongeza 6 kila mzunguko. Wengi huishika kanuni hiyo bila kuuliza inakotoka. Inatoka kwenye mzingo wa duara. Kila unapoongeza mzunguko, nusu kipenyo kinakua kwa kimo cha kitanzi kimoja, na mzingo unakua kwa mara 6.28 ya kimo hicho. Kwa kuwa kitanzi kifupi kina kimo kinachokaribia upana wake, vitanzi sita vya ziada vinatosha kuliziba pengo. Kitanzi kirefu kina kimo cha takriban mara mbili, kwa hiyo kinataka 12.

Ongeza pungufu ya sita, na ukingo unabana: kitambaa kinajikunja kuwa bakuli, na hivyo ndivyo kofia inavyozaliwa. Ongeza zaidi ya sita, na ukingo unakosa nafasi, unaanza kufanya mawimbi. Ongeza kitanzi juu ya kila kitanzi, na namba zinapaa: 6, 12, 24, 48. Duara bapa lina vitanzi 60 kwenye mzunguko wa 10. Hili lenye mawimbi lina 3,072, na mizunguko yote kumi kwa pamoja ina 6,138.

Mwaka 1997, mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia kanuni hiyohiyo kufuma umbo ambalo wanahisabati walikuwa wakihangaika kuwaonyesha wanafunzi: uso wa haipaboli, ambamo nafasi huongezeka kwa kasi kila unapojitenga na kitovu. Vielelezo vya karatasi vilikuwa vikichanika. Vya uzi vilishikwa, vikakunjwa, vikapimwa. Mwaka 2005, mapacha Margaret na Christine Wertheim waliichukua mbinu hiyo na kuanza kufuma mwamba mzima wa matumbawe, kwa sababu matumbawe mengi yana mawimbi ya aina hiyo. Ufundi uliodharauliwa kama kazi ya kupitishia muda ulikuwa umebeba jiometri ya chuo kikuu miaka yote hiyo.

Saa zilipogeuka mkate

Historia inaonyesha pia kitatokea nini saa hizo zikihitajika kwa chakula. Ireland ilipopatwa na ugonjwa wa viazi mwaka 1845, njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wengine wakahama. Idadi ya watu ilishuka kutoka takriban milioni 8.2 mwaka 1841 hadi milioni 6.5 mwaka 1851.

Watawa wa Ursula huko Cork walikuwa wakifundisha kroshia, na Eléonore Riego de la Branchardière alikuwa ameanza kuchapisha vitabu vya mitindo yake katika miaka hiyo ya 1840. Mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana katika mji wa Clones, aliuingiza ufundi huo kwenye eneo lake ili kaya zipate kipato. Sababu ya kuchagua kroshia ilikuwa ya kihesabu: ndoano moja, uzi wa pamba, na mtu aliyekaa popote penye mwanga. Lesi ya sindano ilitaka muda mrefu zaidi kwa eneo lilelile.

Kazi iligawanywa. Mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, mwingine maua madogo, na mwenye mkono mzoefu akaviunganisha vyote kwa wavu mwembamba. Kila mtu alirudia umbo lake hadi kasi yake ikapanda, na lesi hiyo ya kroshia ikavaliwa na matajiri wa Ulaya na Marekani. Ufundi uliziokoa kaya nyingi. Lakini huo ulikuwa ufumaji wa lazima, na ninaamini ni muhimu kuutenganisha na raha tunayoizungumzia. Mtu anayefuma ili watoto wale usiku huohuo hana nafasi ya kufumua mstari usiompendeza.

Upande wa pili wa karne hiyohiyo kuna Malkia Victoria, ambaye mwaka 1900, akiwa amepita umri wa miaka 80, alifuma mitandio 8 ya kroshia ili itunukiwe wanajeshi waliojipambanua katika vita ya Makaburu, Afrika Kusini. Hakuhitaji shilingi ya mtu. Kilichobaki, fedha ikishaondolewa kwenye hesabu, ni kutaka kumpa mtu kitu kilichopita mkononi mwako.

Raha ikipimwa

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, Pippa Burns na Rosemary Van Der Meer, waliwahoji wafumaji wa kroshia kupitia dodoso la intaneti na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Majibu yalikuwa 8,391 kutoka nchi 87. Asilimia 89.5 walisema kufuma huwatuliza, asilimia 82 huwapa furaha, na asilimia 74.7 huwafanya wajione watu wenye manufaa. Waliojibu walijitokeza wenyewe, na anayeichukia kroshia hawezi kuhangaika kujaza dodoso lake, kwa hiyo matokeo hayatuambii ingemfaa nani asiyeipenda. Yanatueleza kile wanaoipenda wanakipata.

Ukirudi kwenye zile sekunde tatu utaona sababu. Mkono una kazi ya kurudia, jicho lina tundu la kutafuta, akili ina hesabu ndogo ya kushika, na matokeo yanaonekana papo hapo. Hapana haja ya kusubiri tuzo ya mwisho: kila baada ya dakika 8 mstari mzima umepanda, nao hautarudi chini mpaka wewe mwenyewe uamue kuufumua. Kazi za nyumbani hazina sifa hiyo. Vyombo vilivyooshwa asubuhi vinachafuka mchana, lakini mstari wa 41 utaukuta kesho.

Raha hiyo inaongezeka ikishirikishwa. Mnamo 31 Januari 2016, mjini Chennai, India, kikundi cha Mother India's Crochet Queens kilitandaza blanketi la kroshia la mita za mraba 11,148.5, rekodi ya dunia wakati huo, kubwa kama uwanja mmoja na nusu wa mpira. Wanawake zaidi ya 1,000 walilifuma kwa vipande. Kwa kipimo cha blanketi letu, eneo hilo lingebeba vitanzi karibu milioni 250 na saa 208,000. Mtu mmoja anayefuma saa 8 kila siku angehitaji miaka 71. Zikigawanywa kwa watu 1,000, ni saa 208 kila mmoja, sawa na saa moja ya jioni kwa miezi saba. Baadaye vipande vilitenganishwa na kugawiwa wahitaji.

Na kwa fedha? Anayefuma kwa ajili ya nafsi yake amelipa Sh2,200 za uzi na kupata saa 33.6 za utulivu, karibu Sh65 kwa saa. Akitumia uzi mwembamba wa pamba, hata ukiwa na bei mara mbili kwa uzito, gramu 504 zitamgharimu Sh2,016 na kumpa saa 134: Sh15 kwa saa. Burudani chache za mjini zinakaribia hapo, na hakuna hata moja kati yake inayokuachia blanketi.

Pa kuanzia, na bei ya kusimamia

Usianze na blanketi. Anza na kofia ya mtoto mdogo. Kwa uzi na sindano zilezile, fuma duara bapa mizunguko 10 hadi ufike vitanzi 60, kisha acha kuongeza na upande mizunguko 18. Sehemu ya kwanza ina vitanzi 330, ya pili 1,080, jumla 1,410. Mzoefu ataimaliza kwa dakika 70. Wewe, kwa vitanzi 8 kwa dakika, utahitaji saa tatu hivi, labda jioni mbili. Uzi utakaotumia ni mita 70, gramu 35, na donge moja linatoa kofia mbili na salio. Pumzisha vidole na kifundo cha mkono kila nusu saa, hasa wiki za kwanza, kwa kuwa anayejifunza hukaza mkono kuliko inavyohitajika.

Ukishaweza, watu wataanza kukuomba. Hapo nakushauri uwe na bei mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni ya zawadi, nayo ni bure kabisa: uzi wako, saa zako, heri zako, bila kupokea hata fedha ya uzi. Ya pili ni ya kuuza: uzi wote, kuongeza saa zote mara kiwango cha saa ambacho usingeona aibu kumlipa mtu mwingine. Iandike kwenye karatasi, mwonyeshe mteja hesabu, vitanzi na saa vikiwa bayana. Akishindwa, mfumie kitu kidogo kinacholingana na fedha zake. Bei ya katikati, ile ya "nipe tu ya uzi", haimpi mteja zawadi na haikupi wewe mshahara. Inamfundisha kwamba saa zako hazina thamani, na atakayefuma baada yako atakutana na mteja aliyekwisha kufundishwa hivyo.